Baharia wa Mombasa na nafuu ya ushuru iliyompita

Aprili 25, 2020, korona ikiwa imepamba moto, Kenya ilipunguza ushuru wa mishahara. Kiwango cha juu cha PAYE, ushuru ambao mwajiri hukata kwenye mshahara, kilishuka kutoka asilimia 30 hadi 25, na nafuu ya kibinafsi, kiasi anachopunguziwa kila mlipaji kwenye ushuru wake, ikapanda kutoka shilingi 1,408 hadi 2,400 kwa mwezi. Aliyelipwa shilingi 24,000 kwenda chini hakukatwa ushuru huo hata senti. Hapa Mombasa tulikuwa tumefungiwa kuingia na kutoka tangu Aprili 8, na hata hicho kidogo kilipokewa kwa shukrani. Wasiotajwa walikuwa wenzetu wanaofanya kazi nje ya nchi.

Chukua majirani wawili wa mtaa wa Majengo. Wa kwanza ameajiriwa na kampuni ya mizigo hapa mjini, akatumwa Kampala kusimamia makasha ya wateja. Mshahara wake ni shilingi 80,000 na hulipwa kutoka Mombasa. Kwa viwango vya zamani alikatwa takriban 16,650. Kwa vipya, 11,500. Elfu tano na ushei zilimbakia kila mwezi, naye yuko ng'ambo ya mpaka. Wa pili ni mhudumu wa meli ya watalii, mwajiri wake yuko Ulaya. Meli zilisimama Machi, mkataba ukakatika, na katika hati yake ya mshahara hapakuwa na PAYE ya kupunguzwa.

Wanaotetea utaratibu huu husema humtui mtu mzigo ambao hajaubeba. Wanauliza pia afisa wa ushuru atathibitishaje hati ya mshahara iliyoandikwa kwa dola na kampuni asiyoifahamu. Tena muuza matunda wa soko la Marikiti naye hana PAYE. Kwa nini baharia atangulizwe? Hoja hii ya mwisho inaniuma, na sioni jibu jepesi.

Ila hoja ya mzigo haisimami. Sheria ya Kenya humhesabu kuwa mkaazi kila mwenye makao ya kudumu hapa, akikanyaga nchini hata siku moja katika mwaka husika, na mkaazi hutozwa ushuru kwa kazi aliyoifanya ndani au nje ya Kenya. Wakati wa kudai, basi, baharia ni wetu. Nafuu nayo ni haki yake, lakini lazima aidai kwa ritani, yaani taarifa ya mapato ya mwaka, na siku ya mwisho ya ritani za 2020 ilikuwa Juni 30, 2021. Jirani wa Kampala alikuwa ameshaitumia ya kwake mwezi baada ya mwezi. Na kufikia Januari 2021, ile asilimia 30 ilikuwa imerudi.

Zaidi ya hayo, asiye na mshahara hana ushuru wa kupunguziwa. Uingereza ililielewa hilo, ikagharamia asilimia 80 ya mshahara wa waliosimamishwa kazi, hadi pauni 2,500 kwa mwezi. Iliangalia orodha ya mishahara iliyosajiliwa kwake, si pasipoti. Mkenya aliyekuwamo alihesabiwa. Saudi Arabia ilifuata uraia: asilimia 60 ya mshahara kwa Wasaudi wa sekta binafsi. Dada zetu walioko Jeddah na Riyadh hawakuwamo humo, wala hawakuwamo katika nafuu ya Nairobi, ingawa fedha zilizotumwa nyumbani na Wakenya walioko nje mwaka huo zilipita dola bilioni 3.

Mimi siungi mkono kumlipa asiyewahi kuwasilisha ritani. Hapo Hazina iko sahihi kukaza kamba. Lakini baharia ambaye ametangaza mapato yake na kulipa ushuru miaka miwili mfululizo asisubiri Juni ya mwaka unaofuata. Arejeshewe sehemu ya ushuru aliolipa mara tu dharura inapotangazwa na mkataba wake unapokatika. PIN yake ya ushuru KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, wanayo, na ritani zake ziko kwenye iTax, mtandao wao wa ushuru.