Kiwewe: Kukisimulia au Kukiacha Kilale?

Aliyenusurika ajali, ubakaji au vita husikia mashauri mawili yanayopingana. Huyu humwambia, "Toa yaliyo moyoni, utapona." Yule humwambia, "Yameshapita, usiyafukue." Wote wanamtakia mema, na kila mmoja ana hoja.

Nianze na wa pili. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa takribani asilimia 70 ya watu hupatwa na tukio la kutisha maishani, lakini ni asilimia 5.6 tu ya hao wanaougua ugonjwa wa mfadhaiko wa baada ya kiwewe. Wengi hutulia wenyewe, wakiwa na watu wanaowapenda. Tena, ule mtindo wa kumkalisha manusura siku chache baada ya tukio na kumtaka aeleze yote kwa kikao kimoja haukuzuia ugonjwa. Katika baadhi ya majaribio, waliofanyiwa hivyo waliishia na hali mbaya zaidi. Anayesema "msimlazimishe" yuko sahihi kabisa.

Ila usahihi wake ni wa majuma ya mwanzo. Ugonjwa huu hutambuliwa dalili zikidumu zaidi ya mwezi: majinamizi, kushtuka kwa kishindo kidogo, hasira, ganzi ya moyo, na tukio kurudi kana kwamba linatokea sasa hivi. Hapo kukwepa ndiko kunakoulisha ugonjwa. Asiyepita tena barabara ya ajali hapati nafasi ya kuona kwamba leo imetulia. Baadaye ataacha kupanda gari, kisha ataacha kutoka nyumbani. Nduguze humwona mkali au mvivu, kumbe nguvu zake zote zinaishia kuizuia kumbukumbu moja isiingie.

Ndiyo maana tiba aliyoiendeleza mwanasaikolojia Edna Foa humrudisha mgonjwa kwenye kumbukumbu hiyo taratibu, kwa vikao vya kila wiki, takribani miezi mitatu. Inaumiza, na wapo wanaoikatiza. Kuwalaumu ni kuwaongezea mzigo. Dawa za sonona kama setralini huwasaidia baadhi. Dawa za kutuliza za jamii ya diazepamu hazishauriwi, japo zinaleta usingizi.

Mimi nasimama upande wa kusimulia, lakini kwa msikilizaji aliyesomea kazi hiyo, na mgonjwa awe na haki ya kusema, "Leo tuishie hapa."