Waigizaji wa redio hawakushindwa na kamera

Historia ya uigizaji wa Marekani katikati ya karne iliyopita ina hadithi yake ya kuhurumia waigizaji wa redio. Televisheni ilikuja, watazamaji wakawaona walivyo, kazi ikaisha. Kumbe shujaa mwenye sauti ya radi alikuwa na kitambi, na binti mrembo wa kwenye redio alikuwa mama wa makamo. Maelezo haya yana ukweli kiasi, ndiyo maana yamedumu. Lakini ukifuatilia walikoishia watu hao, yanaanza kupwaya.

Chukua Gunsmoke, mchezo wa shirika la utangazaji la CBS ulioanza redioni Aprili 1952. Matt Dillon, mlinzi wa sheria wa Dodge City, aliigizwa na William Conrad, ambaye sauti yake peke yake ilitosha kumtuliza mlevi mwenye bastola. Mwaka 1955 mchezo ulipoingia kwenye televisheni, nafasi hiyo alipewa James Arness, mwanamume wa kimo cha takriban mita 2. Conrad alikuwa mfupi, mnene. Wala hakuachwa peke yake. Parley Baer aliyekuwa Chester, Howard McNear aliyekuwa daktari na Georgia Ellis aliyekuwa Kitty, wote nafasi zao zilikwenda kwa wengine.

Kinachosahaulika ni kwamba mchezo wa redio haukufa siku hiyo. Uliendelea hadi Juni 1961. Kwa karibu miaka 6 Marekani ilikuwa na akina Matt Dillon wawili, wote wa shirika moja: huyu wa kutazamwa, yule wa kusikilizwa. Hadithi nyingi za televisheni katika misimu ya mwanzo zilitoholewa kutoka michezo ya redio ya John Meston, ile ambayo Conrad na wenzake walikwisha kuiigiza. Maneno yakavuka, majina ya wahusika yakavuka, hata tabia zao zikavuka. Waliozijenga tabia hizo wakabaki studio na karatasi zao mkononi, wakilipwa ujira wa redio huku redio yenyewe ikizidi kukimbiwa na watangazaji wa biashara. Sijui ni kazi gani nyingine ambayo mtu huambiwa hafai kuifanya, kisha akaombwa aendelee kuifanya chumba cha pili.

CBS nayo ina utetezi, tena si wa kubeza. Uigizaji wa redio ulikuwa kazi ya aina nyingine. Hapakuwa na haja ya kukariri wala kupanda farasi. Mwigizaji hodari aliweza kubeba wahusika watatu katika mchezo mmoja, kisha akakimbilia studio nyingine kabla ya jioni. Mbele ya kamera, mtu anayetembea barabarani kumkabili muuaji lazima aonekane wa kuogopwa hata kabla hajafungua mdomo. Na Arness hakuwaangusha: mchezo ulidumu miaka 20, hadi 1975, na vipindi 635. Anayesema CBS ilikosea kumchagua ana kibarua kigumu, na mimi sisemi hivyo. Ninachokataa ni hatua inayofuata, pale uamuzi wa kibiashara unapogeuzwa kuwa hukumu juu ya kipaji.

Hebu tumtazame Agnes Moorehead. Mei 1943 aliigiza redioni Sorry, Wrong Number, mchezo wa nusu saa wa Lucille Fletcher, kuhusu mwanamke mgonjwa kitandani ambaye kwa simu iliyoingiliana anasikia mipango ya mauaji. Wasikilizaji waliupenda kiasi kwamba aliitwa kuurudia tena na tena, hadi 1960. Filamu ilipotengenezwa mwaka 1948, mwandishi akabaki Fletcher yuleyule, lakini mwanamke wa kitandani akawa Barbara Stanwyck, aliyeteuliwa kuwania Oscar kwa kazi hiyo. Stanwyck alistahili. Filamu ilihitaji jina la kujaza kumbi, na hadithi ilirefushwa kwa mambo ya mapenzi na ndoa ambayo redioni hayakuwapo.

Ila hapa ule usemi wa “kamera haikuwapenda” hauna pa kushika. Kufikia 1948 Moorehead alikwisha kuteuliwa Oscar mara mbili. Alikuwamo katika kundi la mwongozaji Orson Welles lililotoka jukwaani hadi redioni, na kutoka redioni hadi filamu ya Citizen Kane. Baadaye akazunguka majukwaani na mwigizaji Charles Laughton, kisha kuanzia 1964 akawa Endora, yule mama mkwe mchawi wa mchezo wa televisheni Bewitched, kwa miaka 8. Kamera ilimjua vizuri. Walioshika fedha ndio waliomwona kuwa mtu wa pembeni.

Na Conrad je? Alikuwa msimulizi wa mchezo wa televisheni The Fugitive, na akaongoza vipindi vya televisheni, vikiwamo vya Gunsmoke yenyewe (nadhani alicheka kidogo siku hiyo). Mwaka 1971 CBS, shirika lilelile, ilimpa nafasi ya mhusika mkuu katika mchezo wa Cannon, kama mpelelezi mnene anayependa kula. Ilidumu hadi 1976. Mtu anaweza kujibu kwamba nafasi hiyo ilishonwa kwa kipimo cha mwili wake, na Dillon asingeweza kushonwa hivyo. Sawa. Lakini basi tukubali kwamba kilichokosekana mwaka 1955 hakikuwa uwezo wa Conrad kusimama mbele ya kamera. Kilichokosekana ni mtu wa kuamini kwamba mwanamume wa umbo lake anaweza kuwa mhusika mkuu.

McNear na Baer pia walionekana, tena CBS hiyohiyo: katika The Andy Griffith Show mmoja akawa kinyozi Floyd, ambaye wengi bado wanamkumbuka, na mwingine akawa meya. Kati ya wale wanne wa Dodge City, watatu walipata sura zao kwenye televisheni. Aliyekosa nafasi ya namna hiyo ni Georgia Ellis, mwanamke pekee kati yao, na wanaosimulia habari za kitambi cha Conrad ni nadra kumtaja.