Ndugu aingie kwa daktari au asubiri nje?

Kwenye kliniki za afya ya akili mkoani Tanga, iwe Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo au Lutindi kule Korogwe, ambako wagonjwa wa akili wamekuwa wakipokelewa tangu mwaka 1904, mgonjwa mara nyingi haji peke yake. Huja na mama, mke, kaka au mjomba aliyetoa nauli kutoka Pangani au Handeni, ameshika daftari la kliniki na mfuko wa vidonge. Mlango ukifunguliwa wanaingia wote. Swali la kwanza, "Anaendeleaje?", linakwenda kwa ndugu, na mgonjwa anakaa pale pale akisikiliza habari zake mwenyewe. Akiwa mzee wa miaka sitini na daktari ni kijana, hata shikamoo wakati mwingine inapewa mwanawe aliyemleta.

Wanaotetea utaratibu huu wana hoja nzito. Mtu mwenye mania, yaani msisimko uliopita kiasi, anayelala saa mbili tu kwa usiku atakuambia, tena kwa uhakika kabisa, kwamba hajawahi kuwa mzima kama sasa. Saikosisi, hali ya kusikia au kuamini yasiyokuwepo, nayo huweza kumwondolea mtu uwezo wa kutambua kwamba anaumwa. Ndugu ndiye anayejua kama mgonjwa amekula, ameoga, amezungumza na watu usiku wa manane, na vidonge vingapi vimebaki kwenye pakiti. Ndiye pia mwenye uamuzi wa kurudi au kutorudi. Ukimfungia nje bila maelezo ataona anashukiwa, na mwezi ujao nauli haitapatikana. Na kwa familia nyingi za huku pwani, binti kukaa na daktari mwanamume ndani ya chumba kilichofungwa ni jambo lisilokubalika, na hospitali haina sababu ya kushindana nao kwa hilo.

Hata hivyo, kuna mambo ambayo hayatamkiki mbele ya ndugu, na mengi yanahusu dawa. Haloperidoli na sindano ya flufenazini, dawa za kutuliza saikosisi, huweza kupunguza nguvu za kiume, kusimamisha hedhi, hata kutoa maziwa kwa mwanamke asiyenyonyesha. Kijana gani atalisema hilo mama yake akiwa kwenye kiti cha pili? Atanyamaza, atakwenda nyumbani, ataacha vidonge kimyakimya. Baada ya wiki kadhaa anarudishwa akiwa hoi, na faili linaandikwa kwamba ni mgonjwa asiyefuata matibabu.

Kosa baya zaidi ni la miguu isiyotulia. Mgonjwa ameanza haloperidoli miligramu 5, au dozi imeongezwa karibuni. Siku chache baadaye hawezi kukaa: anatembea sebuleni, anachezesha miguu, anasimama na kuketi tena. Ndugu anaripoti anachokiona: "Hajatulia usiku kucha, ugonjwa umerudi." Daktari anayesikiliza upande mmoja anapandisha dozi hadi 10, na hali inazidi, kwa kuwa dawa yenyewe ndiyo chanzo. Swali la kutenganisha ugonjwa na athari ya dawa, hakuna anayeweza kulijibu ila mgonjwa mwenyewe: "Unatembea kwa sababu kuna sauti au mawazo yanakusukuma, au ni miguu tu inakataa kutulia?" Akisema miguu, tena ilianza baada ya dawa, kinachofaa ni kupunguza dozi au kuongeza propranololi, dawa inayopunguza hali hiyo. Benzeksoli, dawa nyingine ya kupunguza madhara ya haloperidoli, husaidia zaidi shingo iliyokakamaa na mwili uliokaza. Kwa miguu hii haisaidii sana. Mateso haya ni makali kiasi cha kumfanya mtu atamani kufa, kwa hiyo kutouliza si jambo dogo.

Kwa maoni yetu, ubishi wa aingie au asiingie unapoteza muda. Kinachobadilisha mazungumzo ni nani anatangulia. Mgonjwa aingie kwanza peke yake, dakika tano. Kisha aulizwe: "Katika haya, lipi nisimwambie mama?" Ndipo ndugu aitwe, aeleze aliyoyaona mgonjwa akiwepo, na mpango wa dawa utamkwe mbele ya wote wawili. Ndugu aambiwe mapema kwamba zamu yake inakuja, maana subira ya asiyejua kinachoendelea ni fupi. Kwa mwanamke, muuguzi wa kike akae ndani, au mlango uachwe wazi na ndugu akae mahali anapoona lakini hasikii. Utaratibu huu unageuzwa pale mgonjwa hasemi kabisa, ana fujo, au amechanganyikiwa kiasi cha kutofuatana na swali. Na kabla ya siri yoyote aambiwe ukweli: akizungumzia kujiua au kumdhuru mtu, hilo litatoka chumbani.

Pingamizi kubwa ni foleni. Dakika tano kwa kila mgonjwa, na watu wamejaa benchi tangu asubuhi, si mzaha. Ndiyo maana maswali yawe machache na yale yale kila safari. Ulaya, daktari wa magonjwa ya akili Stefan Priebe na wenzake walijaribu utaratibu uitwao DIALOG: mgonjwa anataja anavyoridhika, kuanzia 1 hadi 7, katika mambo 11 ya maisha na matibabu yake, kisha anasema wapi anataka msaada zaidi. Matokeo yaliyochapishwa 2007 yalionyesha waliozungumza hivyo waliridhika zaidi na matibabu. Yote 11 hayawezekani hapa kwa siku yenye watu. Tungechukua matatu: dawa, familia, na usalama wake. Ni hayo hayo ambayo majibu yake huharibika ndugu akiwa pembeni.

Mwezi wa Ramadhani uongezwe swali la saa ya kumeza. Wengi wanaofunga huruka vidonge vya mchana na hawasemi, wakihofia kukatazwa kufunga. Mara nyingi dozi ya haloperidoli inaweza kuhamishiwa baada ya futari, na dawa ya mara mbili ikagawanywa futari na daku. Anayetumia lithiamu, dawa ya kutuliza mabadiliko makali ya hisia, azungumze na daktari kabla ya mwezi kuandama, kwa sababu upungufu wa maji huweza kuifanya dawa hiyo kuwa sumu.

Linabaki daftari. Hukaa kwa ndugu, na ukiandika humo "dozi imepunguzwa, nguvu za kiume", siri imekwisha kabla gari halijafika Muheza. Kwenye daftari iandikwe dawa, dozi, saa ya kumeza na tarehe ya kurudi. Sababu iandikwe kwenye faili linalobaki hospitali.