Kidonda kinachotoka damu nyuma ya duodeni: upasuaji Kigoma au rufaa Mwanza?

Ateri ya gastroduodeni, mshipa wa damu ulio tawi la ateri kuu ya ini, hushuka nyuma ya sehemu ya kwanza ya duodeni, yaani mwanzo wa utumbo mwembamba, mbele ya kichwa cha kongosho. Kidonda kikichimba ukuta wa mbele wa duodeni, utumbo hutoboka. Kikichimba wa nyuma, hula ateri hii, na mgonjwa hutapika damu au hupata choo cheusi kama lami.

Mgonjwa wa namna hiyo akifikishwa Kigoma mjini, mahali ambapo endoskopi haipatikani saa hiyo, je, apasuliwe au apelekwe Bugando, hospitali ya rufaa iliyoko Mwanza?

Wanaotetea rufaa wana hoja nzito. Kwa endoskopi daktari hukiona kidonda kwa kamera iliyopitishwa kinywani, akachoma adrenalini na kuubana mshipa kwa klipu au kuuunguza, na mara nyingi damu hukatika bila tumbo kufunguliwa. Isitoshe, kumpasua kwa dharura mtu aliyekwisha kupungukiwa damu ni hatari kubwa, hasa akiwa mzee.

Wapinzani wao hutaja barabara: Kasulu, Kibondo, Nyakanazi, Geita, ndipo Mwanza, tena katika gari la wagonjwa ambalo kwa kawaida halibebi akiba ya damu. Kwa anayeendelea kuvuja, naona hoja yao ina nguvu zaidi. Hata hivyo, wengi wao hulifanya jambo hili jepesi kuliko lilivyo. Ateri hii hupata damu kutoka juu, upande wa ini, na pia kutoka chini, kupitia matawi ya kongosho yanayoungana na ateri ya mesenteri ya juu, mshipa mkubwa unaolisha utumbo. Ukishona juu peke yake, damu hurudi kwa chini. Ndiyo maana hushonwa juu na chini ya kidonda, kisha mshono wa tatu hukamata tawi linaloingia kwenye kongosho kwa ubavuni, na sindano ikizama kupita kiasi inaweza kuuziba mfereji wa nyongo. Kuwa na chumba cha upasuaji, basi, si sawa na kuwa na mkono uliozoea kazi hii.

Kwa maoni yangu, kipimo kiwe jinsi mgonjwa anavyoitikia damu na maji ya mshipani. Presha ikishika na mapigo yakishuka, aondoke na muuguzi, mirija miwili ya maji ikiwa imewekwa mshipani na dawa ya kupunguza asidi imeanza. Presha isiposhika, apasuliwe hapohapo. Mgumu zaidi ni yule aliyetulia asubuhi, akaachwa wodini aangaliwe, kisha akaanza kuvuja tena usiku: rufaa yake ilipaswa kuondoka mchana.