Fedha za Kumlea Mtoto Zipo, Ila Hapewi Mama Yake

Sensa ya Kanada ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba watoto wa wenyeji asilia, yaani Mataifa ya Kwanza, Wametisi na Wainuiti, walikuwa asilimia 7.7 tu ya watoto wote wa nchi hiyo walio chini ya umri wa miaka 15, ilhali kati ya watoto wa umri huo walio katika malezi ya kambo, yaani walioondolewa kwao na idara ya watoto wakalelewa na walezi wengine wanaolipwa, walifika asilimia 53.8. Anayeisikia hesabu hii kwa mara ya kwanza huuliza wazazi hao wana kasoro gani. Mimi ningeuliza kwanza nani hulipwa, na hulipwa kwa kufanya nini.

Sababu inayotawala katika majalada ya watoto hawa si kipigo, bali ni kutotunzwa. Ukilifunua neno hilo unakuta nyumba yenye ukungu ukutani, vyumba viwili vinavyolaliwa na ukoo mzima, maji ya bomba yasiyonyweka, na mzazi mlevi asiye na pa kutibiwa karibu na kwake. (Kwetu mtoto akilala mkeka mmoja na binamu zake kwa bibi, hakuna anayesema ametelekezwa.)

Mwaka 2007 Cindy Blackstock, mtetezi wa watoto kutoka taifa la Wagitxsan, alikuwa mstari wa mbele katika kuishtaki serikali kuu kwa ubaguzi, na Januari 2016 baraza linaloamua kesi za haki za binadamu likakubaliana na walalamikaji. Kilichonishika katika uamuzi huo ni maelezo ya jinsi fedha zilivyogawiwa: mtoto akishaondolewa kwao, gharama zake zililipwa zote kadiri zilivyojitokeza, lakini fedha za kuisaidia familia kabla mambo hayajaharibika ziliwekewa ukomo, na ukomo wenyewe ulikuwa wa chini mno. Ofisa ustawi wa jamii mwenye nia njema alikuwa na fungu la kumlipa mgeni amlee mtoto, hana la kumtengenezea mama yake paa.

Mfano ni Jordan River Anderson, wa jamii ya Wakrii wa Norway House katika jimbo la Manitoba, aliyezaliwa mwaka 1999 akiwa na maradhi mazito, na wazazi wake walilazimika kumkabidhi kwa idara ya watoto kwa sababu ndiyo njia pekee ya kupata fedha za kumhudumia. Alipofikisha miaka miwili madaktari wakasema anaweza kutoka hospitalini, ndipo serikali kuu na ya jimbo zikaanza kuvutana kuhusu nani alipie matunzo yake nje. Zilivutana zaidi ya miaka miwili. Jordan alifariki mwaka 2005, akiwa na miaka mitano, palepale hospitalini.

Mwaka 2023 mahakama iliidhinisha fidia ya zaidi ya dola bilioni 23 za Kanada kwa watoto walioathiriwa na ubaguzi huo, pamoja na familia zao. Ni fedha nyingi, na zimelipia yaliyokwisha kutendeka. Sheria iliyoanza kutumika Januari 2020 inazitambua jamii za wenyeji kuwa na mamlaka ya kujitungia sheria za malezi ya watoto wao, na Mahakama ya Juu iliithibitisha Februari 2024. Nimeisoma nikitafuta kifungu kinachoilazimisha serikali kuu kuyagharimia mamlaka hayo, na sikukiona.