Meli Haiendi Mnarani

Wiki mbili zilizopita mama mmoja aliingia ofisini kwangu, hapa Majengo, akitaka bango la mahafali la mita tatu kwa moja na nusu. Alikuja na mchoro aliouchora mwenyewe kwa kalamu nyuma ya kadi ya mchango: mnara wa taa wenye mistari, miali ya nuru, na meli iliyoelekeza omo, yaani sehemu yake ya mbele, sawia kwenye mlango wa mnara.

"Mwanangu, hapa juu andika Njooni Kwenye Nuru," akasema. "Sisi ndio mnara, wanafunzi ndio meli."

"Mama, meli hii itapasuka."

Akacheka, akidhani namtania. Sikuwa natania. Tangu serikali ihamie Dodoma kazi za mabango ya makongamano zimeongezeka, nami nashukuru Mungu, watoto wanakula. Lakini nahisi nimeshachapa minara mingi kuliko iliyopo pwani yetu yote. Semina ina mnara. Mpango mkakati una mnara kwenye jalada. Na karibu yote imekosea jambo lilelile: wachoraji wanadhani mnara unasema njoo. Mara nyingi mnara unasema pita mbali, hapa pana mwamba.

Najua nitaulizwa, mtu wa Dodoma na bahari wapi na wapi. Wazee wa Kigogo wanasimulia kuwa jina la mji huu limetokana na neno idodomya, yaani imezama, kwa habari ya tembo aliyenasa kwenye matope akadidimia. Basi sisi tunaokaa Imezama, kilomita mia nne na ushei kutoka maji ya chumvi, ndio tunaochapa minara ya taa. Haya.

Ninachojua nimekipata kwa shemeji yangu wa Tanga, baharia wa majahazi tangu ujana, ambaye mwaka huu alikuja kukaa kwetu miezi mitatu kwa sababu ya macho. Usiku mmoja umeme ulikatika, tukatoka barazani. Mtaa mzima giza, isipokuwa ile taa nyekundu juu ya mnara wa simu kilimani. Shemeji akaikazia macho yake hayo mabovu, akaanza kuhesabu kimyakimya, kidole gumba kikigusa vidole vingine kimoja kimoja.

"Unahesabu nini, shemeji?"

"Naangalia huyu ni nani."

Sikumwelewa. Akanieleza, na tangu siku ile siwezi kuchora mnara kama zamani. Usiku baharini taa zote ni nukta tu. Taa ya kijiji, taa ya mvuvi, taa ya meli nyingine, huwezi kuzitenga kwa kuzitazama. Kwa hiyo kila mnara hupewa mwendo wake. Huu unakonyeza mara moja kila sekunde tano. Ule unakonyeza mara mbili upesi, unanyamaza, kisha unarudia baada ya sekunde kumi. Mwingine hukaa umewaka muda mrefu, ukazimika kidogo tu. Mwendo huo umeandikwa kwenye ramani ya bahari pembeni ya mnara, pamoja na rangi, kimo cha taa na umbali inakoonekana kwa maili za bahari (maili moja ya bahari ni mita 1,852). Nahodha anahesabu sekunde, anatazama ramani, anasema: huyu ni fulani. Akishamjua, anapima kwa dira fulani yuko upande gani, anachora mstari. Akipata na mnara wa pili, mistari miwili inakatana, na pale inapokatana ndipo alipo.

Kumbe basi mnara haumuliki njia hata kidogo. Nuru yake haimwonyeshi nahodha kitu chochote isipokuwa yenyewe. Inataja jina lake usiku kucha, na kazi yote iliyobaki ni ya nahodha.

Ndiyo maana kosa kubwa la mnara ni kubadili mwendo. Mnara uliozimika utamfanya nahodha ashtuke, apunguze kasi, apime kina. Mnara wa sekunde kumi ulioanza kukonyeza kila sekunde sita umekuwa mnara mwingine, na nahodha atapiga mstari wake kwa uhakika kabisa, mahali ambapo hayupo.

Hapa ndipo nilipoanza kuwaheshimu watu waliokuwa wakilinda taa zamani. Mwaka 1823, kwenye mnara wa Cordouan huko Ufaransa, iliwashwa kwa mara ya kwanza lenzi ya mwanafizikia Augustin Fresnel. Kabla yake walitumia vioo vya kuakisi, na nuru nyingi ilipotea. Lenzi moja nene ya ukubwa ule ingekuwa na uzito usiobebeka, tena ingekunywa nuru yenyewe. Fresnel akaigawa pete pete, kama kitunguu ulichokikata duara, akaondoa unene usio na kazi na kuacha mipindo tu. Nuru iliyokuwa ikipotea juu angani na chini miguuni ikakusanywa, ikalazwa kuelekea upeoni. Ukiizungusha lenzi hiyo taratibu, kila mwali unaompitia baharia anauona kama konyezo moja.

Na nani alikuwa anaizungusha? Jiwe. Uzito uliofungwa kwenye kamba au mnyororo ulishuka polepole ndani ya mnara na kuendesha magurudumu, kama saa ya ukutani. Ukifika chini, mlinzi anaupandisha tena kwa mkono, usiku kucha, kila usiku. Baadaye lenzi za tani kadhaa ziliwekwa zielee juu ya zebaki, hata mtu akaweza kuisukuma kwa kidole, ingawa mvuke wa zebaki hiyo ni sumu, na aliyeuvuta ni mlinzi huyohuyo. Watu wanamsifia kwa kuwasha taa. Mimi naona alikuwa mtunza saa.

Kisha akaja Msweden, Gustaf Dalén. Alitengeneza taa za gesi ya asetilini zilizojikonyeza zenyewe, na vali ya jua: fimbo nyeusi katikati ya fimbo zinazong'aa. Kukipambazuka ile nyeusi inanyonya joto, inarefuka kidogo kuliko wenzake, inabana gesi, taa inafifia. Jioni inasinyaa, gesi inapita, taa inawaka. Hakuna mtu hapo. Mwaka 1912 alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia, na mwaka huohuo mlipuko wa gesi ukamtia upofu. Shemeji, aliyekuja Dodoma kwa ajili ya macho, nilipomsimulia hilo alinyamaza kitambo, kisha akaomba chai.

Kuhusu kimo, nilikaa nikapiga hesabu kwa sababu wateja wangu wanapenda mnara mrefu kama mbingu. Dunia ni duara, kwa hiyo taa iliyo mita 20 juu ya maji inafika upeoni kama kilomita 16. Ukitaka umbali mara mbili, lazima kimo kiwe mara nne. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Tuseme nyanda zote kuanzia hapa hadi pwani zingekuwa maji, ukawasha taa Nyerere Square: ingezama upeoni baada ya kama kilomita 120. Isingevuka sana hata nusu ya njia ya kwenda Morogoro. Idodomya tena.

Neno mnara lenyewe ni la Kiarabu, manara, mahali pa nuru. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, aliuona ule mnara mashuhuri wa Iskanderia, Misri, mwaka 1326 ukiwa umebomoka upande mmoja; mwaka 1331 akafika Kilwa; aliporudi Iskanderia mwaka 1349 akakuta hauingiliki tena. Zanzibar nako palikuwa na mnara wa taa mbele ya Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu. Waingereza walipoipiga mizinga ikulu tarehe 27 Agosti 1896, kwa muda usiofika saa nzima, mnara ule uliharibiwa. Jengo lilipotengenezwa likaongezwa mnara wa saa mbele yake, nao ukaanguka tarehe 25 Desemba 2020. Mnara wa taa wa kisiwa cha Chumbe, uliojengwa mwaka 1904, bado umesimama katikati ya msitu na matumbawe.

Kuna wanaosema minara sasa ni ya watalii tu, kwa kuwa kila chombo kina GPS. Sikubaliani. Skrini ikikosea huna wa kuisahihisha ila kitu kilichosimama mahali pamoja kwa miaka mia. Lakini pia nisiutwishe mnara mzigo usio wake. Nungwi, kaskazini mwa Unguja, ina mnara, na usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama bahari ileile kati ya Unguja na Pemba, imejaza watu kupita kiasi. Mnara hauhesabu abiria.

Nirudi kwa yule mama. Nilimchorea upya. Meli nikaipitisha pembeni, mbali na mwamba, omo ikielekea bandarini, mnara ukabaki nyuma yake. Nilijivunia kwelikweli. Akaja, akavaa miwani, akatazama kwenye kompyuta.

"Mbona inatukimbia?"

Nikamweleza yote: konyezo, ramani, mwamba, shemeji. Alinisikiliza kwa adabu, kama mtu anayesubiri daladala.

"Nimekuelewa, mwanangu," akasema. "Basi toa meli. Acha mnara."

Nikatoa meli, nikaliacha Njooni Kwenye Nuru, nikatoboa tundu za kamba kwenye pembe nne. Alilipa taslimu, bila kuomba punguzo.