Msikate pembe za picha za ndege za zamani

Picha ya babu imekatwa kama sentimita mbili upande wa kulia na kila nikiitizama pale ukutani roho yaniuma. Niliipeleka mwenyewe studio moja hapa Malindi nikataka waikuze, manake bibi macho yamechoka na yuataka kumuona mumewe vizuri, kijana akaichukua akaona ile pembe imeliwa na mchwa akachukua wembe akaikata ili picha ikae sawa kwenye fremu. Halafu akaipiga skani na kuipitisha kwenye apu ya kusafisha. Ikarudi inang'aa, babu amewekewa meno ambayo hakua nayo, na zile herufi za ubavuni mwa ndege iliyo nyuma yake zimegeuka vitu vinavofanana na herufi lakini hakuna mtu wa lugha yoyote anayeweza kuzisoma. Kipande kilichokatwa kilikua kishaenda na takataka.

Naandika haya kwa sababu najua nyumba nyingi huku Pwani ziko na picha kama hizi, kwenye masanduku, chini ya vitanda, ndani ya misahafu mikuukuu, na najua zinavofanywa.

Mimi ni fundi wa friji na AC. Hii habari ya ndege za zamani ilinianza kwa mzee mmoja wa Kitaliano niliyekua namtengenezea friji upande wa Casuarina, ukutani kwake aliweka picha ya kitu nikadhani ni nyumba imeelea majini. Ina mabawa tisa, matatu mbele matatu katikati matatu nyuma, yamepangwa kama vitanda vya deki. Nikamuuliza hii ni nini, akaniambia ni ndege, Caproni Ca.60, ilitengenezwa Italia ili ibebe abiria 100 kuvuka bahari ya Atlantiki, injini nane. Iliruka juu ya ziwa Maggiore mwaka 1921, na mwezi Machi mwaka huohuo ikaanguka majini ikavunjika, haikujengwa tena. Ile siku sikumaliza kazi mapema. Nilikaa nikiiangalia ile picha mpaka yule mzee akaniletea kahawa.

Na hapo ndo nlianza kuelewa kitu. Ndege kama ile iliishi wiki chache tu. Kwa hivyo mtu akikuletea picha yake akakwambia babu yake alipiga mwaka 1925 ikiwa angani, unajua hapo hapo kuna kosa, bila hata kuangalia kitu kingine. Ndege adimu inabanwa na umri wake. Ile ya kawaida iliyotengenezwa kwa maelfu ikaruka miaka hamsini haikusaidii hivo.

Sasa turudi kwa babu. Nlipoituma ile picha kwenye grupu la familia wote wakasema neno moja, hio ni ndege ya Mtaliano iliyopiga mabomu Malindi. Nawaelewa, manake Malindi kweli ilipigwa na ndege za Italia mwaka 1940 na wazee wamehadithia mpaka kila ndege ya zamani imekua ile. Lakini tizama picha. Mabomu ya Italia upande wetu huu wa Afrika yalikua yakibebwa na ndege kama Caproni Ca.133 na Savoia-Marchetti SM.81 na SM.79, na zote tatu ziko na injini tatu, mbili kwenye mabawa na moja puani, huwezi kuikosa ile ya puani hata picha ikiwa imefifia vipi. Ya babu haina injini puani, pua yake imechongoka ina vioo vya rubani. Ina mabawa mawili mawili, la juu na la chini, yameshikwa na nguzo na waya, yanakwenda yakipungua upana mpaka nchani. Injini mbili nyembamba kwenye bawa la chini, na chini ya kila injini gurudumu limevishwa ganda kama suruali. Hio ni de Havilland Dragon Rapide, ya Uingereza. Ndugu yake mkubwa, Dragon, wanafanana sana lakini yule mabawa yake hayapungui hivi na miguu iko wazi haina suruali.

Halafu zile herufi, VP-K, mbili za mwisho zimefichwa na bega la babu. Kabla ya uhuru ndege za Kenya zilikua zinaanza na VP-K, za Uganda VP-U, za Tanganyika VR-T, baada ya uhuru ndo zetu zikawa 5Y. Kwa hivyo ni ndege ya raia ya Kenya ya mkoloni. Kampuni ya ndege ya East African Airways ilianza 1946 na Rapide sita. Hakuna bomu hapo. Babu alikua kuli uwanja wa ndege wa Mombasa, na nyuma ya picha kumeandikwa kwa herufi za Kiarabu lakini Kiswahili, ami yangu ndo alinisomea, "Mvita" na majina ya watu wawili. Yule kijana wa studio hakuipiga skani nyuma. Hakuna mtu anayepiga skani nyuma.

Rapide si adimu sana, zilitengenezwa zaidi ya 700. Kilicho adimu kwenye picha yangu kilikua pale kwenye zile sentimita mbili, na nitafika hapo.

Manake kuna kitu nataka watu waelewe kuhusu ndege za majaribio, zile zilizotengenezwa moja au mbili tu. Huwezi kuzitambua kwa kuzifananisha na picha ya kitabuni, kwa sababu mara nyingi kitabuni hazimo. Unazitambua kwa vipande. Mimi kazini naletewa friji haina lebo, imepigwa rangi mara tatu, naangalia bawaba za mlango na kompresa nakwambia imetoka wapi. Ndege pia hivohivo. Mwaka 1944 Wajerumani walirusha Junkers Ju 287, ndege ya jeti yenye mabawa yaliyoelekea mbele badala ya nyuma, na kwa vile ilikua ya kujaribia mabawa tu hawakutaka kupoteza muda, wakachukua bodi ya Heinkel He 177, mkia wa Junkers nyingine, na magurudumu ya mbele wakayatoa kwenye ndege za Kimarekani, B-24 Liberator, zilizoangushwa! Sasa fikiria uko na picha ya gurudumu tu na kipande cha bodi. Mtu wa haraka atasema Liberator. Anayeangalia vizuri atauliza gurudumu la Mmarekani limefuata nini chini ya bodi ya Mjerumani, na hilo swali ndo litamfikisha.

Au Blohm & Voss BV 141, iliruka mara ya kwanza 1938. Hii watu wakiiona wanasema picha ya kutengenezwa. Injini na mkia viko kwenye bodi moja, na rubani na wenzake wamekaa kwenye chumba cha vioo pembeni, upande wa kulia, peke yake juu ya bawa. Haijalingana kabisa na ilikua ikiruka vizuri, ilipangwa hivo ili wanaochunguza chini waone kote bila injini kuwaziba. Na iko na faida moja kubwa kwa sisi watu wa picha: chumba cha vioo ukikiona kimekaa kushoto, basi negativu iligeuzwa wakati wa kuchapa picha. Ndege nyingi nyingine zikigeuzwa huwezi kujua mpaka uone herufi, hii yenyewe inakwambia.

Na rangi, jamani, rangi. Hapa ndo apu za kutia rangi zinaharibu kabisa. Filamu nyingi za zamani, ile aina inayoitwa othokromatiki, hazikua zinaona nyekundu. Kilichokua chekundu kinatoka cheusi, bluu inatoka nyeupenyeupe, njano inaingia giza. Chukua ile duara ya ndege za kivita za Uingereza, nyekundu katikati, kisha nyeupe, kisha bluu nje. Kwenye filamu ile katikati ni nyeusi na ile bluu ya nje karibu inapotea kwenye nyeupe, unaona kitone cheusi kwenye sahani nyeupe unasema hii nchi gani. Apu haijui hayo yote. Inaona nyeusi inatia nyeusi, au inabahatisha, na ikishabahatisha ile picha nzuri yenye rangi ndo itatumwa kila mahali na ile ya kweli itabaki kwenye sanduku ikiliwa.

Wakati wa vita Afrika Kusini walileta ndege zao Kenya, na duara yao katikati ilikua ya rangi ya chungwa badala ya nyekundu. Na baadhi ya ndege walizoleta zilikua Junkers Ju 86, za Kijerumani, walizinunua kabla ya vita za kubebea abiria, vita vilipoanza wakazifunga mabomu wakawa wanawapiga nazo Wataliano upande wa Moyale mwaka 1940. Ndege ya Mjerumani, inaruka kutoka Kenya, upande wa Mwingereza. Mtu akiwa na picha ya ile akakata duara akabakisha mkia ataandika Wajerumani walitua Kenya, na wajukuu zake watasoma hivo.

Ju 86 ina mikia miwili, yani mapezi mawili ya kusimama, moja kila upande.

Sasa zile sentimita mbili. Nlipokua namlalamikia bibi kuhusu ile picha akaniambia, kwani ile ndege nyingine imekwenda wapi? Nikamwambia ndege ipi. Akasema pale nyuma upande wa kulia kulikua na mkia wa ndege ya pili, babu alikua akimuonyesha kila mara, ule mkia wenye mikia miwili. Wallahi nlihisi baridi. Mimi nimeiona ile picha tangu utotoni na sikuwahi kuitizama ile pembe, nliona mchwa tu.

Moyo wangu ulitaka iwe Junkers. Ingekua picha ya maana sana, ndege kama hio, Mombasa, na kuli wa Lamu mbele yake. Nikakaa siku mbili nikijipangia namna itakavokua Junkers. Lakini Rapide yenye herufi za raia iko pale pale kwenye picha, na hizo ni siku za amani zaidi kuliko za vita, na East African Airways baada ya Rapide walipata Lockheed Lodestar, ya Kimarekani, injini mbili, na yenyewe pia ina mapezi mawili mkiani. Kwa hivyo nlirudi kwa bibi nikamuuliza swali moja tu, nikajitahidi nisimpe jibu mdomoni: ule mkia ulikua rangi gani?

Akafikiri. Akasema, "Mume wangu, haukuwa na rangi. Ulikuwa wang'ara kama sufuria mpya, babu yako alikuwa akisema ukisimama karibu wajiona."

Ndege ya vita ya 1940 ingepigwa rangi ya kujificha. Bati tupu linalong'aa ni ndege ya abiria. Nimeandika nyuma ya ile fremu, kwa penseli: Rapide, VP-K, herufi mbili zimefichwa; kulia palikua na mkia wa ndege ya pili, mapezi mawili, bati halina rangi, kwa maneno ya bibi; yaelekea Lodestar. Neno "yaelekea" nililiandika kwa makusudi na sitalifuta mpaka nipate picha nyingine, manake jina la kubahatisha likishaandikwa bila "yaelekea" hakuna anayerudi kuangalia tena.

Kwa hivyo ninachoomba ni kidogo sana. Ukipata picha ya ndege ya zamani nyumbani kwenu usiikate, hata pembe ikiwa imeoza. Ipige skani nzima na ukingo wake mweupe, kisha igeuze upige skani na nyuma, hata kama nyuma kuna doa la chai tu. Ukitaka kuisafisha safisha kopi, na ile kopi uiandike kua ni kopi. Usimwambie mtu mzima "hii ni ndege ya vita sindio", muulize aliona nini na umuachie nafasi. Na tumia kile kioo cha jichoni cha mafundi saa, kinaonyesha vitu simu haivioni, mimi kwa kile ndo niliiona ile suruali ya gurudumu.

Mama mdogo amenipigia juzi kutoka Lamu, Langoni, anasema kwenye chumba cha juu kuna sanduku la pili la babu, zimo picha na karatasi na amezikuta zimegandana kwa unyevu. Alikua ashaanza kuzibandua na kisu. Nlimwambia mama mdogo tafadhali acha, funga sanduku, weka mahali pakavu, usifute kitu chochote. Jumamosi nashika basi ya asubuhi mpaka Mokowe nivuke na boti, skana nimeazima, imekunjwa ndani ya shuka tayari.